Lilaumu Yai: Mwongozo kwa Mzazi wa Mtoto Anayejikuna

Ndugu mzazi, hongera. Mtoto ana miezi minne, mashavu yamekauka na kutoa vipele vinavyochuruzika majimaji, na usiku kucha anasugua uso kwenye bega lako mpaka kanga inabaki na madoa. Umeingia rasmi kwenye ukoo mkubwa wa wazazi wa watoto wenye pumu ya ngozi. Mwongozo huu utakuonyesha namna ya kufanya kile ambacho ukoo huu umekuwa ukikifanya siku zote, yaani kutafuta chakula cha kulaumu kabla ya kuitazama ngozi yenyewe.

Kikwazo utakiona mapema: mtoto wa miezi minne hajaanza kula. Usihofu. Mama yake anakula. Mama mkwe akishafika kutoka Korogwe na kutua mzigo, swali lake la kwanza litakuwa, "Mwanangu, wakati wa mimba ulikuwa unakula nini?" Hakuna jibu la kukuokoa. Ukisema samaki, ndio hao hao samaki. Ukisema samaki walikushinda kwa kichefuchefu, basi mtoto aliwakosa samaki akiwa tumboni. Kuanzia hapo mama anayenyonyesha atapigwa marufuku mayai, dagaa, karanga, maziwa na chochote chenye nyanya. Atabaki na ugali, mchicha wa kuchemsha na chai ya rangi, huku akitakiwa atoe maziwa ya kumtosha mtoto asiyelala. Wapo watoto wachache ambao kweli husumbuliwa na protini ya yai au ya maziwa ya ng'ombe inayopitia kwenye maziwa ya mama. Daktari hulibaini hilo kwa kumwondolea mama chakula kimoja kwa wiki chache, kisha kukirudisha na kutazama. Hapo kwenye kukirudisha ndipo ukoo wetu haufiki. Chakula kikishahukumiwa kwetu, hakina rufaa.

Mtoto akitimiza miezi sita kazi inakuwa nyepesi, maana washukiwa sasa wanapita mdomoni mwake mwenyewe. Anza na yai. Hata wasiojua lolote kuhusu ngozi wanajua kwamba yai lina neno. Uchunguzi unafanyika hivi: mtoto akila yai Jumanne na akajikuna Alhamisi, yai lina hatia. Akila Jumanne asijikune, hukuangalia vizuri. Usihesabu siku alizojikuna bila kula yai, utajichanganya bure. Usikumbuke pia kwamba Jumatano umeme ulikatika, feni ikasimama, mtoto akalala analowa jasho. Wala kwamba shangazi alimletea sweta la sufi. Wala kwamba nguo zake zimeanza kufuliwa kwa ile sabuni ya unga inayonukia hadi kwa jirani. Pumu ya ngozi ina tabia ya kupanda na kushuka. Temeke inapanda kwa joto na jasho, Makambako inapanda kwa baridi kavu ya Juni na Julai, na popote pale inapanda kwa vumbi, mafua na sabuni. Kwa kuwa mtoto anakula kila siku na anajikuna karibu kila siku, chakula chochote utakachoamua kukivizia kitakutwa eneo la tukio.

Uji wa lishe utakusaidia sana hapa. Unga wake unasagwa mashineni kwa kuchanganya mahindi, ulezi, mtama, mchele, ngano, soya na karanga, na kadiri mama anavyompenda mwanawe ndivyo anavyozidi kuongeza vitu. Mtoto akivimba midomo baada ya vijiko viwili, una washukiwa saba kwenye kikombe kimoja na huna pa kuanzia. Wapo wazazi wanaoanzisha kitu kimoja kimoja, yai lililoiva sawasawa siku hii, karanga zilizosagwa laini kabisa na kukorogwa kwenye uji mweupe siku nyingine, ili kila kimoja kijulikane peke yake. Wewe mwaga unga wote.

Nyanya, nanasi na machungwa zitakupa ushahidi wa papo hapo. Juisi yenye uchachu ikigusa ngozi iliyochubuka kando ya mdomo, panawaka, panawasha, na baada ya muda pametulia. Hiyo ni asidi iliyoingia kwenye mchubuko, na mafuta ya mgando yaliyopakwa kuzunguka mdomo kabla ya kula yangeipunguza makali. Mwongozo unasema uandike: ana aleji ya nyanya. Msimu wa embe ukifika, utomvu wa ganda utamtoa malengelenge midomoni, nalo embe liingie kwenye orodha.

Orodha ikishanenepa utataka karatasi yenye muhuri. Zipo njia mbili za kuipata. Ya kwanza ni mashine ya kupima mwili mzima kwenye banda la maonyesho: mtoto anashikishwa kijiti cha chuma, kompyuta inatema kurasa za rangi, na ini, figo, ubongo na aleji vyote vinasomwa kwa mpigo. Kijiti hicho hakipimi aleji wala ini, lakini kurasa ni nyingi na zina picha. Njia ya pili ni ya hospitali, na hiki ni kipimo halali ambacho husomwa vibaya. Kipimo cha damu, au kile cha kudona ngozi kwa tone la chakula, huonyesha kwamba mwili umetengeneza kingamwili za aina ya IgE dhidi ya chakula fulani. Hakikuambii kwamba mtoto akikila ataumwa.

Tofauti hiyo si ndogo. Mwaka 2014 madaktari wa Cape Town walichapisha habari za watoto 100 wenye pumu ya ngozi ya kati na kali. Watoto 66 walitoka na alama kwenye vipimo. Uchunguzi ulipofika mwisho, waliokuwa na aleji ya kweli ya chakula walikuwa 40, yai na karanga zikiongoza. Arobaini kwa mia ni wengi, na mzazi ambaye mtoto wake ana ugonjwa mkali asilichukulie hilo kwa wepesi. Ila wale 26 waliobaki ndio wateja wa mwongozo huu: wana karatasi inayosema hapana, na tumbo linalosema hakuna tatizo.

Ghana nako kulitoka kisa kitamu zaidi. Mwaka 2013 watafiti walieleza habari za watoto wa shule waliokuwa na IgE ya karanga kwenye damu huku karanga zenyewe haziwadhuru. Kilichoshukiwa kuwa nyuma yake ni kichocho. Sukari zilizo kwenye minyoo ya kichocho cha mkojo zinafanana na zile zilizo kwenye karanga, na kipimo kikashindwa kutofautisha mnyoo na mbegu. Mzazi wa Mwanza au Pemba, ambako kichocho si habari mpya, akikabidhiwa karatasi ya kupiga karanga marufuku, ana kila sababu ya kuuliza mara ya pili. Vivyo hivyo mtoto wa Dodoma ambaye hajawahi kumtia kamba wa baharini mdomoni anaweza kutoka na alama ya kamba, kwa kuwa mende wa jikoni na utitiri wa kwenye godoro wana protini inayofanana na yake. Godoro acha lilivyo. Fungia kamba.

Na usijione mshamba. Madaktari wenyewe waliwahi kutoa mwongozo wa namna hii, tena bila utani. Mwaka 2000 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilishauri kwamba mtoto aliye hatarini kupata aleji asipewe maziwa ya ng'ombe hadi atimize mwaka mmoja, mayai hadi miwili, karanga na samaki hadi mitatu. Mwaka 2008 chama hichohicho kiliachana na ushauri huo, maana ushahidi wa kuutetea haukuwapo. Mwaka huohuo mtafiti Gideon Lack na wenzake wa London walilinganisha watoto wa Kiyahudi wanaoishi Uingereza na wale wa Israeli. Uingereza karanga zilikuwa zikicheleweshwa; Israeli watoto walikuwa wakimung'unya vitafunio vya karanga viitwavyo Bamba tangu wakiwa wachanga. Aleji ya karanga ilikuwa asilimia 1.85 Uingereza na asilimia 0.17 Israeli.

Wakaamua kufanya jaribio lenyewe. Walikusanya watoto 640 wa kati ya miezi 4 na 11, wote wakiwa na pumu kali ya ngozi, au aleji ya yai, au vyote viwili. Ndio hasa wale ambao shangazi yeyote angewafichia karanga kabatini. Kundi moja likalishwa karanga kila wiki, jingine likazuiwa kabisa. Matokeo yalitoka mwaka 2015. Walipofikisha miaka mitano, waliozuiwa walikuwa na aleji ya karanga kwa asilimia 17.2. Waliokula, asilimia 3.2.

Hapa mwongozo wetu unaanza kuyumba, na ni haki msomaji aelezwe kwa nini. Mwaka 2003 Lack alikuwa ameona jambo jingine kwenye kumbukumbu za watoto wa Uingereza: aleji ya karanga ilihusiana na krimu zenye mafuta ya karanga walizokuwa wamepakwa kwenye vipele vyao wakiwa wachanga. Walichokula mama zao wakati wa mimba hakikuonekana kuwa na mchango. Tangu hapo maelezo yamezidi kukomaa. Tumbo la mtoto likikutana na chakula mapema, hujifunza kukivumilia. Ngozi iliyopasuka ikikutana na chembe za chakula hichohicho, huzipokea kama adui. Mama anayemenya karanga za kuuza kisha akambeba mwanawe, dada aliyekoroga mayai kisha akampangusa shavu kwa mkono uleule, wote wanamlisha mtoto kupitia ngozi. Unamfunga mdomo asile yai, na yai linaingia kwa mlango wa uani.

Kwa maneno mengine, mara nyingi ngozi ndiyo hutangulia kuugua na aleji ikafuata. Ukoo wetu umekuwa ukiisoma habari hii kutoka mwisho kurudi mwanzo.

Kwa hiyo, ili mwongozo uendelee kufanya kazi, ngozi sharti ibaki mbovu. Si jambo gumu. Mwogeshe maji ya moto mara tatu kwa siku, tumia dodoki jipya, lile linalokwaruza, pamoja na sabuni ya dawa, mpaka kinachodhaniwa kuwa uchafu kitoke. Mwache akauke kwa upepo. Ukipaka mafuta, yawe ya manukato, kidogo, usoni tu, siku ya kwenda kanisani. Wasiofuata mwongozo huogesha kwa maji ya uvuguvugu kwa dakika chache, sabuni laini na kidogo, wanamkausha mtoto kwa kumgusagusa na taulo bila kumsugua, na ngozi ikiwa bado na unyevu wanampaka mafuta ya mgando yasiyo na harufu mwili mzima, asubuhi na jioni, kopo kubwa likiisha upesi. Inachosha, na haina hadithi ya kusimulia kwenye kikao. Wala si kinga ya kuzuia ugonjwa: majaribio makubwa ya Ulaya yaliyotoka 2020 yaliwapaka watoto mafuta tangu wakiwa wachanga, na pumu ya ngozi haikuzuilika. Lakini kwa ngozi iliyokwisha kuugua, hiyo ni nusu ya tiba.

Nusu nyingine inauzwa duka la dawa, na mauzo yake yanakwenda hivi.

"Dokta, naomba ile ya kupaka, ile ya mtoto wa jirani."

"Yenye boksi la bluu?"

"Hiyohiyo. Ya kijani si ni kali?"

"Zote nzuri, mama. Leta elfu tatu."

Huyo anayeitwa dokta hajamwona mtoto wala hajauliza umri wake. Ndani ya tyubu mara nyingi mna dawa tatu kwa pamoja, ya fangasi, ya bakteria na steroidi, na wakati mwingine steroidi yenyewe ni ya nguvu kabisa, ileile ambayo watu wazima hujichubulia. Siku chache tu ngozi inang'aa, mama anasifu, anaacha kupaka, na wiki haijaisha vipele vimerudi. Hapo njia hugawanyika. Mama mmoja ataendelea kupaka usoni miezi na miezi mpaka ngozi iwe nyembamba na kufifia rangi. Mwingine ataambiwa na jirani kwamba steroidi ni sumu, atatupa tyubu chooni na kurudi kwenye kazi ya kufungia maharage. Steroidi ya kiwango cha nguvu kinacholingana na umri na sehemu ya mwili, ikipakwa kwa siku zinazohesabika pale palipoumuka tu, ni dawa nzuri. Hata kipimo chake kinajulikana: ukiikamua kutoka ncha ya kidole cha shahada cha mtu mzima hadi pingili la kwanza, ni takriban nusu gramu, na inatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima. Moshi, pale hospitali ya KCMC, kuna kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanzishwa mwaka 1992, na waliosoma pale wametawanyika katika nchi nyingi za Afrika. Mmoja wao anaweza kuwa kwenye hospitali ya mkoa wako. Mwongozo unashauri usimtafute, atakuharibia orodha.

Kuna jambo moja ambalo mtaalamu huyo wa ngozi ataliona haraka kuliko wewe. Vitabu vingi huonyesha pumu ya ngozi kama wekundu, kwa sababu picha zake ni za watoto wa Kizungu. Kwa mtoto mweusi, palipoumuka huwa peusi zaidi, au rangi ya zambarau, au kijivu. Vipele hukaa kwenye vinyweleo vya tumbo na mgongo na unavihisi kwa kiganja kabla hujaviona. Ngozi ya ndani ya viwiko na nyuma ya magoti hukakamaa kwa kukunwa. Baadaye hubaki mabaka meusi au meupe yanayokaa kwa miezi. Mabaka hayo ni kumbukumbu ya ugonjwa uliopita. Mama akiyaona anadhani bado unaendelea, na anafuta chakula kingine.

Utani naweka kando kwa aya moja. Mtoto akila kitu, na ndani ya dakika chache hadi kama saa mbili akavimba midomo au macho, akatoka mabaka yaliyoinuka yanayowasha, akatapika mfululizo, akakohoa ghafla, sauti ikakwaruza, akapumua kwa mluzi au akalegea, hiyo ni aleji, na kupumua kwa shida au kulegea ni dharura ya kukimbiza hospitali sasa hivi. Dawa yake ni sindano ya adrenalini kwenye msuli wa paja. Maziwa na mkaa havisaidii. Chakula hicho asikiguse tena mpaka daktari aseme. Mtoto mchanga ambaye ngozi yake haitulii hata baada ya kutibiwa ipasavyo, au haongezeki uzito, au ana damu kwenye choo, naye anastahili kuchunguzwa aleji ya chakula. Mwenye pumu kali ya ngozi au aleji ya yai achunguzwe kwanza kabla ya kuonjeshwa karanga. Chakula kilichoondolewa kwa muda mrefu kisirudishwe kiholela nyumbani, kwa sababu mtoto aliyekuwa akikila bila shida anaweza kukipokea vibaya mwili ukishakisahau. Na karanga nzima asipewe mtoto wa chini ya miaka mitano, aleji au si aleji, zinapalia.

Kwa waliobaki, wale ambao hawana dalili yoyote ya aleji ila wanajikuna tu, kufungia vyakula hakujaonyesha faida ya maana. Mwaka 2008 wachambuzi wa Uingereza walikusanya majaribio 9 yenye washiriki 421. Walichokipata kinachoshikika ni kwamba kuondoa yai kunaweza kuwasaidia watoto wachanga wanaoshukiwa kuwa na aleji ya yai na ambao kipimo kimewaunga mkono. Mshukiwa mmoja, mwenye ushahidi.

Turudi kazini. Umeshafunga mayai, maziwa, samaki, karanga na maharage. Sahani ya mtoto imebaki na wanga. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa Tanzania wa chini ya miaka mitano wamedumaa, wakiwamo wa familia ambazo yai ni la sikukuu. Wewe unalo jikoni na umelipiga kufuli. Miezi ikipita nywele zitapauka na kunyonyoka, miguu itavimba, na ngozi itabanduka vipande vipande. Huo ni unyafuzi, ugonjwa ambao daktari Cicely Williams aliueleza miaka ya 1930 akiwa Gold Coast, Ghana ya leo, akiwatazama watoto waliokuwa wakishibishwa nafaka tupu. Usishtuke. Ngozi inabanduka, kwa hiyo ni chakula. Tafuta kingine. Bamia bado hujaigusa.

Ukivumilia, ushindi utakuja, kwa sababu watoto wengi wenye pumu ya ngozi hupata nafuu wanapokua, na aleji nyingi za yai na maziwa huisha zenyewe. Siku ngozi itakapotulia, angalia ni chakula kipi kilifungwa mwisho. Kama ni bamia, na aliyeikataza bamia ni shangazi, basi shangazi ndiye daktari wa ukoo. Namba yake itagawiwa kwenye vikao vya harusi, na kila binti wa ukoo atakayejifungua atapigiwa simu akiwa bado wodini, aambiwe asithubutu kugusa bamia.